Jinsi ya kusoma rekodi ya mchezaji wa besiboli aliyestaafu bila kupotea (tunamtumia Ichiro)

Wakuu, kuna watu wengi siku hizi wanajikuta kwenye besiboli bila kupanga, mwingine ana ndugu yake Marekani anamtumia video kila wikiendi, mwingine kamuona Shohei Ohtani kila kona ya mtandao, afu akisema ngoja nisome habari za hawa watu anakutana na jedwali lenye herufi G, AB, H, HR, RBI, OPS na namba zisizoisha, anafunga simu analala. Sasa leo tunalisoma hilo jedwali taratibu mpaka lieleweke. Mtu wetu ni Ichiro Suzuki, Mjapani, kastaafu Machi 2019 akiwa na miaka 45, alikuwa autifilda, yaani mmoja wa wale watatu wanaosimama mbali kabisa kule nyuma kusubiri mipira mirefu, na yeye mahali pake palikuwa upande wa kulia.

Nimemchagua makusudi maana jedwali lake ukilisoma juu juu utasema huyu mbona wa kawaida tu, homurani (kupiga mpira mpaka ukavuka ukuta wa uwanja) 117 katika miaka 19, kuna watu wanapiga hizo kwa misimu mitatu. Na bado wamempeleka kwenye Jumba la Umaarufu, kule wanakoenziwa wakubwa wa besiboli, kwa kura 393 kati ya 394. Ukiweza kueleza hayo mawili yanakaaje pamoja, basi jedwali la mchezaji yeyote utaliweza.

Unachohitaji ni simu, geuza ilale ili kolamu zote zionekane, fungua ukurasa wake kwenye Baseball-Reference (tovuti ya takwimu za besiboli) au tovuti ya MLB, ligi kuu ya Marekani yenyewe, na kalkuleta ya kawaida. Basi.

Anza kushoto kabisa

Wengi jicho linakimbilia HR kwa sababu homurani ndo kitu pekee walichowahi kusikia. Usifanye hivyo. Anza kolamu tatu za mwanzo: mwaka, umri, timu. Hapo ndo maisha ya mtu yalipo, kolamu zingine zote ni maelezo tu.

Kwa Ichiro mstari wa kwanza MLB ni 2001, umri 27, timu Seattle. Simama hapo kwanza. Wachezaji wakubwa wengi wanaanza ligi kuu wakiwa na miaka 20, 21, 22, huyu kaanza na 27, kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hiyo miaka yote kabla alikuwa wapi? Alikuwa Japani anachezea Orix BlueWave ya Kobe, huko alikuwa staa tayari, kachukua tuzo ya mpigaji bora miaka 7 mfululizo kuanzia 1994 hadi 2000. Seattle Mariners walilipa zaidi ya dola milioni 13 kwa Orix ili wapate tu ruhusa ya kuongea nae mkataba. Hiyo ndo sababu mwaka wake wa kwanza Marekani haufanani na mwaka wa kwanza wa mtu yeyote.

Shuka na kolamu ya timu sasa: Seattle 2001 mpaka katikati ya 2012, New York Yankees mpaka 2014, Miami Marlins 2015 hadi 2017, afu Seattle tena 2018 na 2019. Angalia mwaka 2012, utakuta mistari mitatu ya mwaka mmoja. Usishtuke na usijumlishe yote! Mstari mmoja ni jumla ya mwaka mzima, miwili mingine ni kila timu peke yake. Ichiro mwaka huo alicheza mechi 95 na Seattle akiwa na wastani wa .261, akauzwa mwezi wa saba kwenda Yankees, kule akacheza 67 na wastani ukapanda .322. Mtu yule yule, miezi michache tu, kabadilisha jezi. Cha kuchekesha ni kwamba siku anauzwa Yankees walikuwa Seattle tayari wana mechi na Mariners, kwa hiyo jamaa alihama chumba cha kubadilishia nguo tu, jioni akaingia uwanja ule ule akiwa mgeni, mashabiki wakasimama wakampigia makofi na yeye akavua kofia akainama.

G na AB, hizi zisome pamoja

G ni mechi alizocheza. Msimu wa MLB una mechi 162 (ndio, mia sitini na mbili, wanacheza karibu kila siku kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa tisa). AB ni mara alizosimama kupiga na ikahesabika. Ukiona G kubwa na AB kubwa, huyo anaanza kila siku. Ukiona G kubwa ila AB ndogo, jamaa anaingizwa mwishoni mwishoni. Mfano mzuri ni 2017 pale Miami: mechi 136 lakini AB 196 tu. Hiyo ni kama mara moja na nusu kwa mechi, wakati mtu anaeanza anapata nne, wakati mwingine tano. Hakuna haja ya mtu kukuambia kwamba alikuwa kashakuwa mzee anakaa benchi anaitwa kupiga mara moja na kurudi kukaa, namba zimeshasema.

Na kinyume chake 2004: mechi 161, AB 704. Huyo ndo alikuwa anaanza wa kwanza kabisa kwenye orodha ya wapigaji, na wa kwanza anapata zamu nyingi kuliko wote.

H na AVG, hapa tukae kidogo

H ndo hiti. Umepiga mpira, ukakimbia, ukafika beisi (vile vituo ambavyo mkimbiaji anavizunguka) salama bila ya walinzi kukuwahi na bila kosa lao, umepata hiti. AVG ni hiti ugawe kwa AB. Chukua kalkuleta: 262 gawa kwa 704. Umepata 0.372, wao wanaandika .372 bila ile sifuri. Kwa mtu aliyezoea mpira wa miguu na penalti hii inasumbua, maana ni kwamba mtu kakosa zaidi ya mara 6 katika 10 na anaitwa mfalme. Ndio hivyo. Kupiga mpira unaokuja kilomita 150 kwa saa kwa gongo la duara ni kazi ngumu sana, mwenye .300 ni hodari, .270 yuko sawa tu, chini ya .230 anaanza kutafutiwa mbadala.

Zile hiti 262 za 2004 ni rekodi ya msimu mmoja mpaka leo. Aliyekuwa nayo kabla ni George Sisler, hiti 257, mwaka 1920! Miaka 84 haijaguswa, na Ichiro akaivunja Oktoba 1, 2004 nyumbani Seattle, watu wa familia ya marehemu Sisler wapo jukwaani, akaenda kuwasalimia.

Sasa ingia ndani zaidi kidogo maana hapa ndo kuna utamu. Kwenye mstari huo huo kuna 2B, 3B na HR, hizo ni hiti za kufika beisi ya pili, ya tatu, na homurani. Za Ichiro 2004 ni 24, 5 na 8. Jumlisha, 37. Toa kwenye 262, unabaki na 225. Hiti 225 za beisi moja tu! Jedwali mara nyingi halina kolamu ya hizo, inabidi utoe mwenyewe, na ndo maana wengi hawaoni huyu mtu alikuwa anafanya nini hasa.

Alichokuwa anafanya ni hiki. Ichiro anatumia mkono wa kulia kurusha, lakini anapiga kwa kushoto, baba yake alimfundisha hivyo toka mtoto. Mpigaji wa kushoto anasimama upande ulio karibu na beisi ya kwanza, anaokoa hatua moja au mbili katika zile mita 27 na kidogo. Afu akaongeza lake: mwili unaanza kusogea kuelekea beisi ya kwanza wakati gongo bado liko kwenye mpira, ukitazama video utaona kama vile anapiga akiwa njiani. Mpira unadunda taratibu kwenda kwa mlinzi wa kati, mpira ambao kwa mtu mwingine ni kifo cha uhakika, mlinzi anauokota, anainua kichwa, jamaa keshakanyaga beisi. Mechi baada ya mechi, miaka kumi. Walinzi wakaanza kusogea mbele ili wamuwahi, na wakisogea mbele anaupitisha pembeni yao. Huwezi kushinda.

Kwa hiyo ukimsoma mchezaji wa aina hii, shuka na kolamu ya H wima, kuanzia 2001: 242, 208, 212, 262, 206, 224, 238, 213, 225, 214. Miaka 10 mfululizo haijashuka chini ya 200, hakuna mwingine MLB aliyewahi kufanya hivyo. Mstari unaofuata, 2011: 184, wastani .272. Hapo hata asiyejua kitu kuhusu besiboli anaona kabisa ukuta ulipoanza kupata ufa. Umri kwenye kolamu ya pili unasema 37.

OBP, SLG, OPS: hapa ndo watu wanagombana

AVG ina tatizo moja, haihesabu woki. Woki ni pale pitcha anarusha mipira minne mibovu nje ya eneo, mpigaji haigusi, anapewa beisi ya kwanza bure. Kwa timu ni mtu kafika beisi tu, haijalishi kafikaje. OBP inahesabu yote hayo, hiti na woki na hata ukigongwa na mpira. SLG yenyewe inapima nguvu, homurani ni beisi nne, hiti ya kawaida ni moja, jumla ya beisi gawa kwa AB. OPS ni OBP jumlisha SLG, basi, wala hakuna uchawi.

Weka Ichiro wa 2004 pembeni ya autifilda mwingine wa mwaka huo huo, Barry Bonds wa San Francisco. Bonds hiti 135 tu, karibu nusu ya za Ichiro, wastani .362. Kwa macho ya haraka Ichiro kamla. Sasa angalia OBP: Ichiro .414, Bonds .609. Ebu soma tena, .609! Pitcha walikuwa wanamuogopa kiasi kwamba kapewa woki 232 mwaka mmoja, Ichiro 49. Na SLG ya Bonds ni .812, ya Ichiro .455. (Mambo ya Bonds na dawa za kuongeza nguvu ni mjadala mwingine na ndo uliomfungia mlango wa Jumba la Umaarufu, tusiende huko.)

Hapa kuna kambi mbili. Kuna wanaosema Ichiro kasifiwa kupita kiasi, OPS yake ya maisha yote ni .757, kitu cha kawaida kwa mchezaji wa upande wa kulia ambako timu huwa inaweka mtu wa mabavu. Kuna wanaosema nyie na namba zenu hamjawahi kumuona. Maoni yangu mimi, kambi ya kwanza hesabu zao ziko sahihi ila wamesoma nusu ya ukurasa. Teremsha chini.

Mbio na ulinzi

RBI usihangaike nayo kwa mtu kama huyu. Inahesabu watu uliowasababisha wafike nyumbani, yaani kumaliza beisi zote na kuipa timu pointi, na mtu wa kwanza kupiga anakuta beisi tupu mara nyingi, kwa hiyo 780 zake hazisemi chochote kibaya. Angalia R badala yake, mara aliyofika nyumbani mwenyewe: 1,420.

SB ni beisi za kuiba, yaani kukimbilia beisi inayofuata bila kusubiri mwenzako apige. Kamwe usisome SB bila CS iliyo pembeni yake, maana CS ni mara alizokamatwa. Mtu anaeiba 40 na kukamatwa 25 ni hasara kwa timu. Ichiro jumla ni 509 na kukamatwa 117, yaani kafanikiwa zaidi ya mara 8 kati ya 10. Mwaka 2006 kaiba 45 kakamatwa mara 2. Mbili tu!

Ulinzi uko kwenye jedwali jingine kule chini, na hili ndo namba zinaficha zaidi. Kuna kolamu A, ni mara alizorusha mpira na mtu akatolewa. Tafuta video ya Aprili 11, 2001, Oakland, Ichiro ana siku chache tu kwenye ligi. Terrence Long yuko beisi ya kwanza, mwenzake anapiga hiti kwenda kulia, Long anaona mpira uko mbali anaamua aunganishe mpaka ya tatu, uamuzi ambao ulikuwa wa kawaida kabisa. Ichiro anauokota akiwa anakimbia, anaachia mkono, na mpira unakwenda chini chini, umenyooka, haupandi hewani kama mirusho mingine, unaingia kwenye glavu ya mlinzi wa beisi ya tatu, na Long anafika anakuta anasubiriwa. Kwenye jedwali hiyo ni A moja. Lakini baada ya hapo wakimbiaji wa ligi nzima wakajua, mpira ukienda kwa huyo wanasimama ya pili, na wale waliosimama hawaandikwi popote. Autifilda mwenye mkono mkali sana anaweza kuwa na A chache kwa sababu tu hakuna anaethubutu, kwa hiyo ukiona A imepungua usiharakishe kusema kachoka.

Kinachosaidia hapo ni tuzo. Glavu ya Dhahabu wanapewa walinzi bora, Ichiro kapata 10 mfululizo, 2001 hadi 2010, miaka ile ile ya hiti 200. Kuna pia namba inaitwa WAR inayojaribu kujumlisha kila kitu, kupiga, kukimbia na kulinda, kwenye namba moja. Yake ni karibu 60, ambayo ni namba ya watu wa Jumba la Umaarufu. Unaona sasa lile deni la homurani limelipwa na nini.

Mistari ya Japani

Ukurasa wake una sehemu ya Japani pia, wengi hawaifungui. Ifungue. Mwaka 1992 mechi 40, 1993 mechi 43, 1994 mechi 130 na wastani .385. Kijana wa wastani wa .188 mwaka 1993 anakuwaje .385 mwaka unaofuata? Rudi kwenye kanuni yetu, soma G. Kocha wa mwanzo hakuupenda upigaji wake wa kuinua mguu na kuubembeza, akawa anamrudisha timu ya chini. 1994 akaja kocha mpya, Akira Ogi, akamwambia piga unavyojua, akamuweka kila siku, na akamsajili kwa jina la Ichiro peke yake maana Suzuki kule wamejaa kama Juma kwetu. Mwaka huo huo hiti 210, wa kwanza Japani kufika 200 kwa msimu.

Sasa ugomvi mkubwa: Japani hiti 1,278, Marekani 3,089, jumla 4,367. Pete Rose anaeshikilia rekodi ya MLB ana 4,256. Je Ichiro ndo mfalme wa hiti duniani? Kila mtu na lake, ila kwenye kusoma rekodi mimi nashauri usijumlishe ligi mbili halafu ukasema rekodi imevunjwa, maana pitcha ni tofauti na wingi wa mechi ni tofauti. Wakati huo huo usizifute. Zitumie kujibu swali moja: huyu mtu kafikisha hiti 3,000 Marekani wakati kaanza akiwa na 27, angeanza na 21 ingekuwaje? Hiyo ya 3,000 yenyewe aliipata Agosti 7, 2016 Denver, mpira ukagonga ukuta akafika mpaka beisi ya tatu, ana miaka 42.

Tuzo na kura, soma mwisho

Tuzo nimeziweka mwisho kwa sababu ukianza nazo zinakupofusha. 2001 kachukua mchezaji bora wa ligi yake pamoja na mchezaji bora wa mwaka wa kwanza, zote mwaka mmoja, kabla yake ni Fred Lynn peke yake 1975. Jumba la Umaarufu liko Cooperstown, New York, mtu anasubiri miaka mitano baada ya kustaafu, waandishi wa besiboli wanapiga kura, unahitaji asilimia 75. Ichiro matokeo yakatoka Januari 2025, asilimia 99.7, kakosa kura moja tu, na mwenyewe akasema huyo aliyemnyima amkaribishe nyumbani wanywe pamoja waongee. Asilimia mia kamili mpaka sasa ni Mariano Rivera tu.

Haya, mazoezi. Usirudie Ichiro, nenda kwa mwenzake wa Seattle, Ken Griffey Jr., autifilda wa katikati, homurani 630, tofauti kabisa na huyu. Fanya kwa mpangilio ule ule: mwaka, umri, timu, afu G. Ameanza 1989 na miaka 19, kahamia Cincinnati 2000. Ukifika 2002, 2003 na 2004 utakuta mechi 70, 53 na 83, ishike hapo kabla hujagusa kolamu ya HR, afu jiulize mwili ulikuwa na nini miaka hiyo mitatu na hizo 630 zingekuwa ngapi. Ukikwama kwenye herufi yoyote iandike hapo chini, ila tafadhali kwanza piga hesabu ya AVG mwenyewe ndo uje kuuliza.